Mikono Iliyoingia Katika Pombe ya Esteria

Chupa ya kwanza ilipasuka siku ya Ijumaa saa saba mchana, Mayige akiwa juu ya ngazi anafunga turubai. Alisikia mlio akadhani mtoto karusha jiwe juu ya bati. Akasema, "Watoto wa siku hizi hawana adabu," akaendelea na fundo lake. Ya pili ikapasuka. Ya tatu na ya nne zikafuatana, pah! pah!, na sasa hapakuwa na shaka mlio unatoka wapi. Ulitoka katika kibanda cha kupikia pombe, kile cha marehemu mke wake. Kipande cha kioo cha kahawia kikapita dirishani, kikadondoka chini ya ngazi, bado kina povu.

Mayige alishuka bila kujua ameshukaje. 

Ndani ya kibanda kile zilikuwamo chupa sabini na tano za pombe ya mtama, kreti tatu kamili. Ilikuwa pombe ya kumaliza msiba wa Esteria. Mwaka umetimia. Kesho yake, Jumamosi, baada ya ibada, ukoo wa mume na ukoo wa mke walikuwa wakae pamoja, wamwage kidogo kaburini, wanywe inayobaki, msiba uishe. Pombe ikinyweka, marehemu karidhika na mumewe anaachwa aishi. Pombe ikiharibika, watu wa kule hawaulizi mengi. Wanasema marehemu kakataa. Na marehemu hakatai bure, lazima kuna aliyemkosea.

Yuko mtu mmoja aliyelisubiri neno hilo mwaka mzima. Luhende wa kijiji cha Nkoma, kaka yake Esteria. Siku ya maziko, udongo bado mbichi, alimnyooshea Mayige kidole mbele ya watu akasema, "Dada yangu hakufa kwa ugonjwa. Kafa kwa kusubirishwa. Mkono wangu hautaingia katika pombe ya nyumba hii mpaka na mimi nizikwe." Toka siku hiyo hakumwita tena shemeji. Alimwita Mayige, hivyo hivyo, kama mtu anavyoita mbwa wa jirani. Jumatatu alikuwa ameleta ng'ombe wa ukoo kama desturi inavyomtaka, akamfunga zizini, akaenda kulala kwa jirani. Hata maji ya kunywa kwa Mayige hakutaka.

Sasa alikuwa amesimama pale pale zizini, kofia mkononi.

"Mayige!" akaita. "Dada yangu anasema nini humo ndani?"

Kibandani ikapasuka ya tano, na kuku wote wa kaya wakaruka kwa pamoja kama wameitwa.

La ajabu ni kwamba Luhende hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umefifia kama majivu. Lakini Mayige hakuliona hilo vizuri, maana mtu aliyeshtuka huona mlango mmoja tu, ule wa kukimbilia. Na mlango wa Mayige wa siku zote ulikuwa ni kuwalaumu wakubwa.

"Ni mtendaji!" akapiga kelele. "Huyu ni Januarius! Mtungi wa mke wangu haujapasuka miaka arobaini! Nani kaniletea chupa? Si yeye?"

Na kwa kweli chupa zililetwa na amri. Kipindupindu kilipoingia kata ya jirani, Januarius, mtendaji wa kata yao, alipita kaya kwa kaya na karatasi yenye muhuri. Mtungi wa pombe marufuku. Kibuyu kimoja kuzunguka midomo ishirini marufuku. Kinywaji cha msibani kiwe ndani ya chupa iliyofungwa. Kisima walichoahidiwa uchaguzi wa juzi, na wakaahidiwa tena uchaguzi wa jana, hakijachimbwa hata shimo la kuzika paka, lakini karatasi ya marufuku ilifika juu ya pikipiki mpya. Ndivyo walivyo. Mkubwa akikosa maji ya kukupa anakupa amri.

Pamoja na amri akaleta mashine. Ilikuwa mashine ya mkono ya kufungia vizibo, imekaa stoo ya ofisi miaka na miaka, ya kikundi fulani cha akina mama kilichokufa kabla hakijafunga chupa hata moja. Majaribio ya kwanza, wiki tatu nyuma, yalitoa pombe mfu. Ukifungua chupa hakuna sauti, hakuna povu, unakunywa kitu kama maji ya kunawia. Aliyegundua kosa ni mayu, yaani mama, Wilhelmina, bibi aliyepika pombe pamoja na Esteria tangu Esteria alipoolewa hapa. Alizamisha chupa iliyofungwa ndani ya karai la maji, akatulia. Vipovu vikaanza kutoka chini ya kizibo, kimoja nyuma ya kingine, kama siafu. "Gesi inakimbia hapa," akasema. Kikombe cha mashine, kile kinachobana kizibo, kilikuwa kimepinda. Kinabana upande mmoja, upande wa pili kinaachia. Mayige akaifunga mashine nyuma ya baiskeli mpaka Bariadi mjini, fundi akanyoosha kikombe na kutia raba mpya. Kutoka hapo kizibo kikibanwa kimebanwa, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Basi mashine ilikuwa nzima. Chupa zilikuwa za bia, nene, zimeoshwa kwa maji ya moto na kukaguliwa moja moja zisiwe na ufa. Kwa nini zipasuke?

"Monika!" Mayige akamgeukia binti yake, aliyekuja kutoka kwa mumewe kule Ngulyati kwa ajili ya shughuli hii. Alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, macho yamemtoka. "Sukari uliitia vipi?"

"Kijiko kimoja kidogo cha chai kwa kila chupa, baba, ya kuipa povu. Kama alivyosema bibi."

"Umerudia! Umetia mara mbili! Akili zilikuwa kwa mumeo!"

"Sikurudia."

"Unataka kuniua kwa aibu mbele ya wajomba zako!"

Machozi yakamlengalenga Monika, akageuza uso. Na Mayige, pamoja na kelele zote zile, moyoni alijua kwamba anamwonea mtoto. Alijua kitu kingine pia, lakini hicho alikuwa amekikalia.

Ni lazima hapa ielezwe habari ya mkono, maana asiyeijua hataelewa kwa nini mzee wa miaka sitini na mbili anatetemeka mchana wa jua.

Kwao, pombe ya kumaliza msiba haiwi ya mtu mmoja. Ikishachujwa inaachwa kibandani, mlango wazi, watu wanakaa mbali. Kila aliyekuwa na lake na marehemu huingia peke yake, hutia konzi moja ya kimea, ule unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, halafu hutoka. Maana yake: mimi sina kinyongo na nyumba hii, wala marehemu asiwe nacho na mimi. Hakuna wa kumwangalia na yeye hamwambii mtu. Mkono wa msiba hautangazwi. Ukiutangaza umeufuta. Na wanasema hivi: mtu akitia mkono huku ana hatia iliyofichwa, marehemu ataurudisha mkono huo mbele ya macho ya watu.

Kwenye mtungi hakuna tabu. Mtungi una mdomo mpana, unapumua. Tia mikono kumi, utachemka kidogo, utatoa povu, kesho yake umetulia. Lakini chupa haina pa kupumulia. Wilhelmina alimwonya Mayige mapema, na Mayige akawatangazia wote Jumatatu pombe ilipochujwa kwenye pipa la bluu: "Safari hii hakuna kutia mkono. Mwenye mkono wake akautie kwenye sadaka kanisani." Watu waliinamisha vichwa wakakubali. Jumanne asubuhi Monika na Wilhelmina wakajaza chupa kwa mpira, wakaacha nafasi ya vidole viwili shingoni, wakafunga.

Sasa, Jumatatu ile jioni, kabla jua halijazama, Mayige mwenyewe aliyetangaza marufuku aliingia kibandani na konzi ya kimea. Akaitia. Akatoka akijipangusa mkono kwenye suruali.

Hilo ndilo alilokuwa amekalia. Na chini ya hilo lilikuwako lingine, zito zaidi.

Pikipiki ilinguruma kwenye uchochoro wa ua wa mkonge. Januarius alishuka, helmeti bado kichwani, jasho limelowesha shati.

"Mzee Mayige! Nimepigiwa simu kuna risasi kwako! Nani ana bunduki hapa?"

Kabla hajajibiwa, kibandani ikapasuka ya sita. Mtendaji wa kata, mwenye muhuri na pikipiki ya serikali, akajitupa chini kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe, akafunika kichwa chenye helmeti kwa mikono yote miwili.

Siku nyingine Mayige angecheka mpaka alale hoi. Siku hiyo alimsimamia juu. "Simama uone mradi wako! Hii ndiyo risasi! Uliniambia chupa ni usalama! Mke wangu alipougua nilikuomba gari la wagonjwa, ukasema halina mafuta. Alipokufa nikaomba nimzike kwa desturi, ukaleta karatasi. Sasa umeleta mabomu! Bado nini, Januarius? Bado nini?"

"Mzee wangu, tusigombane," Januarius akasema kutoka chini. "Kwanza zile zimeisha?"

"Hazijaisha," sauti ikajibu. "Zimebaki sitini na tisa. Na wewe baba, kabla hujasimama, hebu nipe hiyo helmeti."

Alikuwa mayu Wilhelmina. Kafika na fimbo yake na blanketi kuukuu begani, hana haraka, kama mtu aliyeitwa kuangalia mgonjwa.

"Mwadila, mayu," Mayige akasema. Hata katika mshtuko, salamu ni salamu.

"Mwadila, baba. Toka mlangoni. Monika, mama, lete maji. Ndoo zote. Mwageni juu ya bati na sakafuni. Chupa hizi zina joto kama watu wenye malaria."

Walimwaga maji ndoo kwa ndoo mpaka bati likaacha kutoa mvuke. Hata Luhende alibeba, hakutazamana na mtu. Walisubiri. Chupa moja tu ilipasuka tena, halafu kimya. Wilhelmina akavaa helmeti ya mtendaji juu ya kilemba chake, akafunga mkanda kidevuni, akajifunika blanketi lililoloweshwa, akaingia. Monika alishika mdomo. Bibi wa miaka sabini na kitu, anaingia kwenye nyumba ya mabomu na helmeti ya serikali.

Alitoka na vitu viwili. Mkono wa kulia chupa ya plastiki, ya soda. Mkono wa kushoto kitako cha chupa iliyopasuka.

"Huyu ni shahidi wangu," akasema, akiinua ile ya plastiki. "Niliijaza siku moja na zile nyingine, ya mwisho kabisa. Chupa ya kioo haikuambii kitu mpaka siku inapasuka. Plastiki unaiminya, inakuambia. Ikilegea, gesi bado. Ikikaza kama mpira wa baiskeli, imeiva, ipeleke kwenye ubaridi. Haya, minya."

Mayige aliminya. Haikubonyea hata kidogo. Ilikuwa ngumu kama pembe, na kitako chake kilikuwa kimevimba, haiwezi kusimama.

"Nilipaswa kuja kuiminya jana," Wilhelmina akasema. "Mguu ukaniuma. Hilo ni langu, sitamtupia mtu."

Akafungua kizibo cha plastiki kidogo kidogo, nywele kwa nywele. Ikatoa mlio wa nyoka. Povu likapanda, likamwagika mikononi, likaendelea, likaendelea, mpaka Januarius akarudi nyuma hatua tatu. Kilichobaki bibi akakimimina kwenye bakuli jeupe, akakiacha kitulie, akatazama chini yake.

"Mashine nzima," akasema mwisho. "Ingekuwa inavuja kama ile mara ya kwanza, zisingepasuka, gesi ingekimbia. Chupa nzima, tazameni unene wa kitako hiki. Na wewe Mayige, muombe binti yako radhi. Sukari hata angerudia, isingetoa povu la hivi. Na zimepasuka za kreti ya tatu tu, mmeona? Ya kwanza na ya pili zimekaa. Kreti ya tatu tuliijaza kutoka chini ya pipa." Akainamisha bakuli. Chini palikuwa na tope zito, unene wa vidole viwili. "Mashapo ya pombe iliyochujwa hayafiki hapa. Huu ni unga mbichi. Pombe hii ilitiwa mikono."

Ng'ombe wa ukoo alikohoa zizini.

"Nilisema isitiwe," Wilhelmina akaendelea. "Konzi ya kimea kwenye chupa inaendelea kula na kutoa gesi siku na siku. Sasa nisikilizeni. Naweza kuziokoa hizi zilizobaki. Nazilegeza pumzi, nazifunga upya. Lakini lazima nijue ni mikono mingapi, nijue nizilegeze mara moja au mara tatu. Najua mkono hautangazwi. Leo utatangazwa, la sivyo kesho mtamwagia kaburi la Esteria vioo."

Mayige alimtazama binti yake, akamtazama mtendaji, akatazama kila mahali pasipo na Luhende. Akaona akinyamaza zitapasuka kesho mbele ya watu mia mbili, na atajulikana tu. Afadhali leo.

"Ni mimi," akasema.

Monika aligeuka ghafla. "Baba!"

"Ni mimi niliyekataza na ni mimi niliyetia. Na najua kwa nini Esteria anaurudisha." Alikuwa ameshaanza, na gari likishaanza kuteremka hulizuii kwa mkono. "Siku ile hali ilimbadilika asubuhi. Nilikuwa kwenye foleni ya mizani, pamba yangu inasubiri kupimwa. Nikaletewa habari. Nikasema nikitoka hapa nitarudi nyuma mwisho wa foleni, acha ipimwe kwanza. Karani akaja amechelewa, akaenda kula, akarudi. Nimefika nyumbani saa tisa. Ndipo nikampigia Januarius gari, ndipo akasema halina mafuta. Mwaka mzima nimesema ni mafuta. Kweli mafuta hayakuwepo. Lakini tangu asubuhi mpaka saa tisa aliyemsubirisha ni mimi."

Akavua kofia. Hakujua kwa nini anaivua. Alisubiri kipigo, au tusi, au Luhende amfungue ng'ombe wake aondoke naye.

Kilichotokea ni kwamba Wilhelmina alisonya.

"Mkono mmoja!" akasema. "Mayige baba, wewe unajiona mkubwa. Mkono mmoja haufanyi tope hili. Hapa ni mikono mitano, sita. Nani mwingine?"

"Mimi, bibi," Monika akasema polepole, macho kwenye mwiko wake. "Nilidhani wangu peke yake hautadhuru. Ni mama yangu."

Mayige alimtazama kama anamwona leo.

"Na wifi zake Esteria wawili wa hapa mtaani, hao nawajua, niliwaona Jumatatu wanatoka na unga kwenye kucha," Wilhelmina akasema. "Wanne." Akakohoa. Akarekebisha helmeti, ingawa haikuwa imekaa vibaya. "Watano."

"Wa tano nani?" Mayige akauliza.

"Unauliza nini? Nimekaa na Esteria moto mmoja miaka arobaini, nitaacha kumtilia?"

"Mayu! Wewe uliyenifundisha kwamba chupa si mtungi?"

"Nilikufundisha wewe. Sikujifundisha mimi."

Januarius alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka, akageuza kuwa kikohozi. Lakini bibi alikuwa ameinamia tena bakuli. Alichota tope kwa kidole gumba, akalisugua, akalinusa, akalisugua tena. Uso wake ukabadilika. Alimwita Monika asogee, akampakia kidogo kiganjani.

"Hii ni nini?"

Monika alisugua. "Kimea, bibi."

"Kimea cha nini? Tazama rangi. Cha kwetu ni cha mtama mwekundu. Wote watano tulichota kwenye gunia moja. Hiki kingine ni cha kijivu, na punje zake ni ndogo. Huu ni uwele. Upande huu wote hakuna nyumba inayootesha uwele." Akainua macho taratibu. "Huku hatuoteshi uwele. Wanaootesha uwele ni Nkoma."

Hapo ndipo Mayige aliposhtuka kweli. Milio ya chupa haikuwa kitu. Akashika mguu wa ngazi. Wote waligeuka kwa pamoja kumtazama Luhende, na Luhende alikuwa amesimama na ndoo tupu, mdomo unacheza, hana pa kuitua.

"Luhende," Wilhelmina akasema, bila ukali. "Baba. Wewe uliapa."

"Niliapa."

"Na mkono huu?"

"Ni wangu." Akaweka ndoo chini. "Sikuutia kwa ajili yake huyu. Msije mkadhani. Nilitoka Nkoma na konzi mfukoni, nikasema nitaona nikifika mlangoni. Nikafika mlangoni. Kile kigoda chake kilikuwa pale, kile chenye mguu mmoja mfupi, alichokuwa anakikalia akichuja huku anakichapa kwa sababu kinamyumbisha. Nikasikia kama anakichapa. Mkono ukaingia." "Chupa ya kwanza ilipolia leo, nikajua ni mimi. Nimevunja kiapo, dada kaurudisha mkono wangu. Nilikuwa nasubiri tu mnijue."

"Wewe?" Mayige akasema. "Wewe ulidhani ni wewe?"

"Wewe ulidhani ni nani?"

"Mimi!"

Walitazamana, wazee wawili wamelowa maji mpaka magotini. Kisha Mayige akakumbuka alichokiri dakika chache nyuma, na aibu ikamrudia.

"Umesikia habari ya mizani," akasema.

"Sikuisikia leo. Karani wa mizani aliniambia siku ile ile ya maziko. Ulidhani nilisema kusubirishwa kwa kuota?"

"Ulijua. Na ukatia mkono."

"Nimekwambia sikuutia kwa ajili yako," Luhende akasema kwa hasira. "Mwaka mzima nimesubiri uliseme. Ungelisema siku ile nisingeapa. Wewe kila siku mafuta, mtendaji, serikali."

"Lakini gari kweli halikuwa na mafuta!"

"Halikuwa nayo," Januarius akasema kutoka pembeni, kwa sauti ndogo. "Na leo halina."

Hakuna aliyemshukuru kwa ukweli huo.

"Mikono sita," Wilhelmina akahitimisha, akigonga fimbo. "Hakuna aliyekataliwa hapa. Esteria hajarudisha mkono wa mtu. Mmemjazia chupa mpaka hana pa kupumulia, basi. Tutalegeza mara tatu. Nani anashika blanketi?"

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutisha na ya polepole. Unaifunika chupa kwa blanketi lililolowa, unapitisha kifungulio chini yake, unainua kizibo kidogo tu mpaka kitoe pumzi, unasubiri povu lirudi. Unapumzisha chupa zote kwenye karai la maji, unarudia. Mara ya tatu unatoa kizibo, unaweka kipya, unabana kwa mashine. Helmeti ni moja, kwa hiyo anayefungua anavaa, anayeshika anageuza uso. Chupa ya kwanza Mayige alivaa helmeti, Monika akashika. Monika mikono ilimtetemeka mno.

"Sogea, mwipwa wangu," Luhende akamwambia. Akapiga magoti upande wa pili wa kreti, akashika blanketi kwa mikono yote miwili. "Fungua, shemeji. Na kama inapasuka, pasukieni wote wawili, wewe na chupa, huko huko kwenu."

Mayige alisikia neno lile ndani ya helmeti, likagonga huku na huku. Aliinamia chupa, maana macho hayakuwa yakiona sawasawa, tena kioo cha helmeti kilikuwa kimeingia ukungu.

Jua linapotua walikuwa wamepoteza nyingine mbili. Zilibaki sitini na sita.

Jumamosi, baada ya ibada, watu walijaa mpaka kwenye mabua ya pamba. Januarius alisimama, shati safi, akasema kata yake imekuwa mfano wa pombe salama ya chupa, na kwamba ataandika taarifa. Watu wakampigia makofi, kama kawaida yao, hata wale wanaochota maji bwawani pamoja na ng'ombe. Mayige hakupiga. Wala hakusema kitu, na waliomzoea wakashangaa.

Kisha wakaenda kaburini. Habari za chupa zilikuwa zimeshaenea, kwa hiyo Luhende alipoinua ya kwanza na kifungulio, umati mzima ulirudi nyuma hatua kumi, wanawake wakajifunika khanga, wazee wakaziba masikio. Mayige alibaki alipo, lakini na yeye aliziba masikio kwa viganja.

Luhende akainua kizibo.

Mayige aliona povu likipanda shingoni, jeupe, likafika mdomoni mwa chupa, likasimama hapo. Akaona midomo ya Luhende inasema kitu kwa dada yake. Basi akaondoa mikono masikioni ili asikie.